Siku Niliyoitetea Sheria ya Waayalandi

Jamani, sogezeni viti, nina kisa cha leo leo. Bado sijavua hata soksi zilizolowa.

Leo nimeiomba serikali inifukuze. Kwa maandishi. Nikatia saini. Kisha nikasimama mbele ya kipaza sauti nikaeleza kwa nini inifukuze haraka, na watu wangu wakanipigia makofi.

Mtasema natia chumvi. Sitii. Nawaandikia wote wa orodha yetu ya barua pepe kwa sababu mbili. Kwanza, habari hii itawafikia tu, na ni afadhali muipate kwangu kabla Bi Gulshan hajaiunga nazi. Pili, kompyuta ikiwa kwenye mtandao, simu ya nyumbani haipitiki. (Tangu saa kumi inalia. Mmoja hakusema hata neno. Alicheka, akakata.)

Twende taratibu, msije mkanipotea njiani.

Kwa wale msiokaa Toronto: huku Weston kuna jengo la matofali mekundu ambalo Waayalandi walilijenga zamani sana, enzi za farasi na taa za mafuta. Walikuja kwa meli, wengi wakiwa na homa, na hakuna aliyetaka kuwapokea. Basi wakajijengea hospitali yao wenyewe. Homa ilipokwisha wakabaki na watoto yatima, wakaigeuza ghorofa ya juu kuwa shule. Serikali ya wakati huo ikawatungia sheria maalum, ya hospitali hiyo na shule hiyo tu. Leo hospitali haipo. Shule haipo. Jengo lipo, na liko mikononi mwa wadhamini watatu. Wawili kati yao ni wazee wasiotoka tena nyumbani. Wa tatu ni Bwana Mulvaney, mzee mrefu, mpole, anayeanza sentensi yake kwa kukohoa mara mbili.

Hicho kikohozi chake mtakisikia tena. Ndicho kilichoniponza. Hapana, naomba radhi, nimeshaanza kumsingizia mzee wa watu. Kilichoniponza ni mdomo wangu.

Bwana Mulvaney ndiye aliyetupa vyumba viwili vya chini kila Jumamosi. Chumba kimoja nafundisha watoto wetu Kiswahili. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, lakini wanaelewa, tunakwenda. Chumba cha pili wazazi wanakunywa chai. Kuna akina mama kutoka Burundi ambao wiki nzima wako kiwandani, mashine zinapiga kelele, hawasemi na mtu. Jumamosi ndiyo siku yao ya kusema. Kwaya ya Papa Déo, baba wa Kikongo kutoka Bukavu, inafanya mazoezi hapo hapo baada ya chai. Hatuna mahali pengine. Tumeshazunguka, tumeshapiga simu, tumeshaombea. Vyumba vile viwili tukivipoteza, darasa limekwisha.

Mimi wananiita Mwalimu. Huku nafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao, lakini Korogwe nilifundisha darasa la nne miaka tisa, na ugonjwa wa kueleza haujanitoka. Nikiona mtu amekunja uso, mimi tayari natafuta chaki. (Mume wangu anasema hata nikiwa nimelala naeleza. Simwamini, lakini sijawahi kukesha nijisikilize.)

Sasa, wiki tatu zilizopita ikaja barua ya serikali, imeandikiwa wote wanaolitumia jengo. Mimi ndiye niliyeifungua. Ilisema kwamba kuna kazi ya kusafisha sheria zilizopitwa na wakati, na ile Sheria ya Hospitali na Shule ya Waayalandi imo kwenye orodha ya zitakazofutwa. Mwenye pingamizi aandike, kisha afike mbele ya kamati.

Huo ni ukurasa wa kwanza. Barua ilikuwa na kurasa saba. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto. Nikasoma wa kwanza, nikatazama unene wa zile sita zilizobaki, nikasema: nimeelewa.

Jumamosi nikawaita wazazi wote. Nikabandika karatasi ya manila ukutani. Nikachora mstari kwa penseli, nikasema: hii ni sheria. Juu ya mstari nikachora nyumba, yenye dirisha na moshi, nikasema: hili ni jengo letu, limesimama juu ya sheria. Halafu nikachukua kifutio nikaufuta ule mstari.

"Sasa nyumba imesimama wapi?" nikawauliza.

Hata moshi wa mchoro ulionekana kuogopa. Mchoro mzuri sana ule. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba haukuwa na ukweli wowote.

Bi Gulshan akawa wa kwanza kusema. Ni bibi wa Tanga, wa mtaa wa maduka, anatembea na fimbo lakini ulimi hauhitaji fimbo. "Nimeshayaona haya," akasema. "Sisi tulikuwa na nyumba ya ghorofa mbili. Ijumaa ikaja karatasi, imepigwa mhuri. Jumatatu naamka, nyumba ni ya taifa, na mimi ni mpangaji kwenye chumba nilichozalia. Serikali ikigusa karatasi ya jengo, weye funga mizigo."

"Nyinyi muliletewa karatasi?" Papa Déo akauliza. "Mulikuwa na bahati, Bibi. Kwetu kulikuja tu watu na camion, lori kubwa. Karatasi hata moja!"

Wakacheka, lakini mnajua kile kicheko. Kila mtu mle ndani alikuwa na nyumba moja akilini ambayo hayumo tena.

"Sasa tutafanya je, Mwalimu?" Papa Déo akaniuliza.

"Tunaitetea sheria," nikasema. "Ikibaki sheria, linabaki jengo."

Mkononi mwa mtu mwingine ile barua ingesomwa mpaka mwisho. Mkononi mwetu sisi, neno "kufutwa" pekee lilitosha. Hakuna aliyeomba kuiona. Walimwamini Mwalimu.

Tukaandika ombi. Niliandika mimi, usiku mmoja, kwa Kiingereza changu cha sherehe. Nilianza na "Waheshimiwa". Nikasema tunaiheshimu sheria hii. Nikasema hekima ya walioiandika haijapata kuonekana tena. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata moto, nikamalizia hivi: tunaomba sheria hii isiguswe hata nukta, na itekelezwe kikamilifu, kifungu kwa kifungu, kuanzia siku ya leo.

Kumbukeni hayo maneno. Nilijipongeza nilipoyaandika. Nilimsomea mume wangu mara mbili.

Kila mtu akatia saini. Papa Déo akaleta saini za kwaya nzima, na za kwaya ya kanisa la jirani ambalo halina hata habari na jengo.

Bwana Mulvaney nilimkuta kwenye ngazi Jumamosi iliyofuata. Akakohoa mara mbili. "Mama, kuhusu ile sheria. Kuna jambo ndani yake ambalo..."

"Usiwe na wasiwasi, Bwana Mulvaney," nikamkatiza, nikamshika mkono. "Najua imekusumbua. Ngoja nikueleze."

Nikamweleza. Dakika ishirini. Nikamchorea mstari na nyumba nyuma ya bahasha. Alinisikiliza kwa adabu yake yote. Nilipomaliza akakohoa tena mara mbili, nikadhani ni kikohozi tu, nikamshauri asali na ndimu.

Jumamosi iliyofuata akajaribu tena. Nikamweleza tena. (Polepole zaidi. Nilidhani hakuelewa mara ya kwanza.)

Sasa tufike leo.

Asubuhi theluji ilikuwa imeyeyuka nusu, barabara nzima ni uji wa matope. Tukakutana kwenye kituo cha treni, watu kama ishirini. Akina mama wamefunga vitenge juu ya makoti, wanaonekana kama magodoro yaliyorembwa. Kwaya imevaa mashati yake meupe. Bi Gulshan amebeba hotpoti ya sambusa.

"Za njiani?" nikamuuliza.

"Za kamati," akasema. "Mtu mwenye njaa hafikirii vizuri. Nawasaidia kufikiri."

Nikamweleza, kwa upole, kwamba huku ukimpelekea mkubwa chakula kabla hajaamua, wanaweza kukuelewa vibaya. Alinitazama kwa huruma. Mlangoni mlinzi akasema chakula hakiingii. Bi Gulshan akafunua kifuniko, akamwacha mlinzi anuse, akafunika. Mlinzi akasema hotpoti inaweza kukaa chini ya kiti chake. Hatukuuliza zaidi.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ya nusu duara, wajumbe watano, na mwenyekiti mwanamke mwenye miwani shingoni kwa mnyororo. Pembeni karani anachapa kila neno linalosemwa. Kila neno! Sikumwogopa wakati ule. Nilimwona kama mtu anayehifadhi hotuba yangu kwa ajili ya wajukuu.

Wakaanza na sheria nyingine. Mwenyekiti akasoma sheria ya zamani iliyokataza kufunga farasi mbele ya dirisha la hospitali fulani baada ya sala ya jioni. "Kuna pingamizi?" Hakuna. Imepita, imefutwa. Akasoma nyingine, iliyomtaka mwalimu wa shule fulani alale na ufunguo wa kisima chini ya mto. "Pingamizi?" Hakuna. Imepita.

Mimi nacheka chini chini. Nikamnong'oneza Bi Gulshan, "Watu walikuwa wanatunga sheria bila hata kuzisoma!"

Ndiyo. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Halafu: "Sheria ya Hospitali na Shule ya Waayalandi. Kuna pingamizi moja." Wajumbe wote wakainua vichwa. Kumbe siku nzima hakuna aliyepinga chochote. Nikasimama. Papa Déo akanigonga begani, "Courage, Mwalimu, jipe moyo." Nikaenda mbele na karatasi yangu ya manila chini ya kwapa.

Nilizungumza vizuri. Hilo niruhusuni nijisifu, maana ndilo pekee nililobaki nalo. Nikaonyesha mstari. Nikaonyesha nyumba. Nikaufuta mstari, na mjumbe mmoja kijana akafungua mdomo kwa mshangao. Nikawaambia kuhusu watoto wanaojifunza lugha ya bibi zao. Nikawaambia kuhusu akina mama wa Jumamosi. Nikawaambia kwamba sheria hii iliandikwa na watu wenye roho kubwa, waliotaka mlango ule uwe wazi kwa kila mgeni. Kwaya ikaitikia "mmh" nyuma yangu, kwa sauti nne. Nikamalizia, "Isiguswe hata nukta!"

Makofi. Mama mmoja wa Kirundi akapiga vigelegele. Karani akasimamisha vidole, hajui vigelegele vinachapwaje.

Mwenyekiti akasubiri watulie. Akavaa miwani. "Asante sana, Mwalimu. Ni hotuba nzuri kuliko zote tulizosikia mwezi huu. Nina swali moja dogo. Umesoma kifungu cha kumi na moja?"

"Nimeisoma sheria yote," nikasema.

Huo ni uongo. Umechapwa. Uko kwenye kumbukumbu za serikali.

"Ungependa kutusomea?"

Karani akaniletea nakala. Kurasa zile zile za mwisho za ile barua! Nikazitambua kwa sura, kama jirani uliyekuwa ukimpita kila siku bila salamu.

Sasa mnisikilize vizuri hapa. Wazee wetu kadhaa Kiingereza chao si kikubwa, na mimi nimezoea, nikisoma sentensi kwa Kiingereza, naigeuza kwa Kiswahili hapo hapo ili kila mtu aelewe. Ni mazoea mazuri. Nimewafundisha hata watoto. Leo nikafanya hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani, nimewageukia watu wangu, nimetabasamu.

Nikasoma. Nikageuza: "Nyumba hii ni ya Waayalandi, milele."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Sawa, waliijenga.

Nikasoma. Nikageuza: "Mtu yeyote asiyezaliwa na baba na mama wa Kiayalandi haruhusiwi kulala humo, kufundisha humo, kufundishwa humo..."

Hapo sauti yangu ikapungua kidogo, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kwenda.

"...kupika humo, wala kuimba humo."

"Kuimba pia?" Papa Déo akauliza kutoka nyuma.

Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mtu mwenye akili angekohoa, angeomba maji. Mimi nikaendelea! Mwalimu haachi sentensi katikati. "Na akikutwa humo, askari amtoe kabla jua halijazama, pamoja na vyombo vyake na matandiko yake."

Hapo nikaishusha ile karatasi.

Bi Gulshan akaniita. Kwa Kiswahili, kwa utaratibu, chumba kizima kikisikia: "Mwalimu. Hii ndiyo sheria tuliyoitilia saini?"

"Ndiyo, Bi Gulshan."

"Isiguswe hata nukta?"

"Ndiyo, Bi Gulshan."

"Haya." Akageukia kwaya. "Mnasikia? Ijumaa yangu ilikuja na mhuri wa serikali. Hii tumeipiga mhuri wenyewe."

Mwenyekiti hakujua Kiswahili, lakini aliona nyuso zetu zinavyoporomoka safu kwa safu. Akachukua ombi letu. Akalisoma kwa sauti, pole pole, bila ubaya wowote, na hapo ndipo palipouma. "Waombaji wanaitaka kamati kuhakikisha kwamba sheria hii inatekelezwa kikamilifu, kifungu kwa kifungu, kuanzia siku ya leo." Akatazama saa yake. "Jua linazama saa kumi na moja na nusu."

Yule mjumbe kijana alijificha uso nyuma ya karatasi zake. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Natamani niwaambie aibu iliishia hapo. Mwenyekiti akasema, "Nadhani tumsikilize pia aliyeomba sheria hii ifutwe." Na kwenye kiti cha pembeni, ambako sikuwa nimetazama kwa kuwa nilikuwa natazama hadhira yangu, akasimama Bwana Mulvaney.

Akakohoa mara mbili. Safari hii hakuna aliyemkatiza.

Akaeleza kwamba wakili wa wadhamini amekigundua kile kifungu. Kwa miaka yote kilikuwa kimelala, hakuna aliyekijua, lakini sasa kimejulikana, na wakili amesema wadhamini hawawezi kutuacha pale huku sheria inakataza. Kama sheria haifutwi katika kikao hiki, Jumamosi zetu zinakwisha mwisho wa mwezi. Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeandika barua kuomba ifutwe. Kwa ajili yetu.

"Hukumwambia Mwalimu?" mwenyekiti akauliza.

Mzee akafikiri. Ni mtu wa kweli, hawezi kusema uongo hata kukusaidia. "Nilijaribu," akasema. "Mara mbili. Lakini anaeleza vizuri sana."

Hapo wakacheka wote. Wajumbe, mlinzi mlangoni (ana makombo ya sambusa kwenye tai), karani. Hata akina mama walioelewa nusu tu walicheka, maana uso wangu ulikuwa unatafsiri nusu iliyobaki.

Halafu mwenyekiti akaacha kucheka, na nikaona jambo lenyewe. Akasema leo kamati inafuta sheria zisizo na pingamizi tu. Yenye pingamizi inawekwa kando mpaka kikao kingine, na hajui kitakuwa lini. Pingamizi lipo moja. Langu. Kwaya mbili, akina mama wa kiwandani, watoto na madaftari yao, wote wamekaa nyuma ya saini zilizokusanywa na mimi.

Nikasema, "Naomba kuliondoa."

"Unaweza. Lakini useme sababu, ichapwe."

"Sababu?"

"Tafadhali sogea karibu na kipaza sauti."

Nikasogea. Na hapa ndipo nilipotamani ile theluji ya nje ije inifunike. Nikasema, na karani akachapa, na mtaweza kwenda kusoma mkitaka: "Naliondoa ombi kwa sababu sikuisoma sheria. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Miguu yangu ilikuwa kwenye beseni."

Karani akauliza kama beseni liingie. Mwenyekiti akasema liingie.

Lakini ombi lilikuwa la wote, kwa hiyo waliotia saini waliomo chumbani nao wakubali kwa kuinua mikono. Kuna fomu ya ukurasa mmoja. Nikawageukia watu wangu nikasema kwa haraka, "Inueni mikono, tumalize."

Hakuna mkono uliopanda.

"Tukiinua, tunakubali nini?" Bi Gulshan akauliza.

"Tunaondoa pingamizi, Bi Gulshan. Sheria ifutwe, sisi tubaki. Ngoja niwaeleze..."

Chumba kizima kikasema kwa pamoja: "Soma!"

Nikasoma. Nikageuza. Mstari kwa mstari. Bi Gulshan akanitaka nisome na yale maandishi madogo ya chini. Yalikuwa namba ya fomu. Nikaisoma namba. Papa Déo akasema, "Na nyuma?" Nikaigeuza ile karatasi, nikaiinua juu kila mtu aione. Nyuma nyeupe. Akasogea akaikagua kwa karibu, hajaridhika, akasema, "Sasa iko sawa." Ndipo mikono ikapanda yote.

"Kuna pingamizi?" mwenyekiti akauliza. Akanitazama mimi tu.

Nikatikisa kichwa. Sikuthubutu hata kusema hapana.

"Imepita."

Makofi ya pili ya leo hayakuwa yangu. Walimpigia Bwana Mulvaney. Kwaya ikamwimbia pale pale, wimbo mzima, na mwenyekiti hakuwazuia.

Nje kwenye ngazi mzee alinisogelea, akakohoa mara mbili. Nikaung'ata ulimi, jamani, kweli nikaung'ata. Akaniambia mama yake alikuwa mmoja wa wale yatima wa ghorofa ya juu. Akasema walioandika kifungu kile hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamefukuzwa kila mlango waliobisha, wakataka mahali pamoja tu ambapo hakuna atakayewatoa. Wakaandika kwa woga. Woga ukashika kalamu, ukawafungia nje waliokuja baada yao.

Nikamgeuzia Bi Gulshan maneno yale, yote, bila kuongeza langu. Alisimama na fimbo yake kwenye matope akimtazama yule mzee.

"Kumbe ni watu wa kwetu," akasema. "Mwambie Jumamosi aje kunywa chai. Na mwambie azungumze yeye."

Basi ndiyo hivyo. Vyumba ni vyetu, darasa lipo, na kwenye makabati ya serikali kuna karatasi yenye beseni langu. Treni nzima ya kurudi walikuwa wakikohoa mara mbili mbili na kunitazama.

Sasa nawaomba jambo dogo, na ni jepesi, kila mmoja wenu anaweza. Nyanyukeni hapo mlipo. Chukueni barua ile mliyoisoma juu juu mkaiweka pembeni, najua ipo. Fungueni ukurasa wa mwisho. Someni kwa sauti mpaka chini kabisa, kisha mgeuze na nyuma. Mkishamaliza, ndipo mnicheke.